Dola 185 ili mwanangu akabidhiwe jembe: kijiji cha "historia hai" Virginia kimenitibua

Wakuu, poleni na majukumu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikitegemea litapoa. Jana likachemka upya, mbele nitawaambia kwa nini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwa mlioko nyumbani: huku Marekani kuna vijiji vya maonyesho vinavyorudisha enzi za ukoloni wa Mwingereza, kabla hawajajitangazia uhuru 1776. Wafanyakazi wanavaa nguo za zama zile, wanafua vyuma, wanaoka mikate, wanafyatua bunduki za baruti, na ukiwauliza kitu wanakujibu kana kwamba Mfalme George bado anawatawala. Wanaiita historia hai. Hiki nilichoenda mimi sikitaji. Si yale makubwa yenye jina, ni kidogo tu, kipo upande wa mito inayomwaga kwenye ghuba ya Chesapeake. Na msibahatishe kwenye komenti, sitaki kesi.

Tunaishi Woodbridge. Mama yangu amekuja kutoka Urambo kukaa nasi miezi mitatu, na mwanangu wa miaka 9 anaingia darasa la nne. Hapa Virginia darasa la nne ndiyo wanasoma historia ya jimbo. Nikaona safari moja ingewafaa wote: bibi atembee, mjukuu ajifunze. Watu wazima watatu dola 42 kila mmoja, watoto wawili dola 22, yule wa mwisho wa miaka 3 bure, maegesho dola 15. Piga hesabu mwenyewe, 185, na hapo hatujanunua hata maji. Foleni ya barabara ya 95 pale Fredericksburg siizungumzii, anayeijua anaijua.

Asubuhi ilienda vizuri, sitasema uongo. Kwa mhunzi pazuri. Kwa mpiga chapa ndipo mwanangu alipoganda: mzee mmoja alimwonyesha jinsi ya kuchonga kalamu ya unyoya wa bata, akamwandikia jina lake kwa wino. Tangu hapo ikawa ni kalamu, kalamu, kalamu. Mbele ya mahakama yao kuna mkatale, ule ubao wenye matundu ya shingo na mikono, watu wanapanga foleni wapigwe picha wamebanwa humo huku wanacheka. Hata sisi tulipiga. Mama ndiye aliyekataa kusogea.

Kazi yangu siku nzima ilikuwa kumtafsiria mama, na hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya kitu. Jikoni: "hapa watumishi walipika." Zizini: "hapa watumishi walilala." Kisimani: watumishi. Nikawa natafsiri hivyo hivyo, mpaka mama akanisimamisha. "Watumishi wa nani? Walikuwa na barua za ajira?" Unajua kwa Kiswahili chetu mtumishi ni mtu wa serikali, ana mshahara, ana likizo, akistaafu anafuatilia mafao. Nikamwambia wanamaanisha watumwa. "Sasa mbona hawasemi?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea.

Tukafika kwenye bustani yao ya tumbaku. Wakuu, mama yangu amelima tumbaku zaidi ya miaka 30. Ni Urambo ile ile ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa 1951, mashamba yakaja kugeuzwa ya tumbaku. Kwa hiyo hakusubiri maelezo ya mtu. Akainama, akageuza jani la chini, akatoa kiwavi wa kijani mnene kama kidole gumba, akamsaga kwa kandambili. "Wamebananisha miche," akasema. "Na hili ua lilitakiwa kukatwa siku nyingi, majani yatakuwa mepesi kama karatasi."

Aliyekuwa analinda bustani ni kijana wa Kizungu wa miaka kama 22, amevaa suruali ya kuishia magotini na soksi ndefu. Alipoona kile kiwavi akasahau kabisa uigizaji wake. Akataka kujua huyu mama ni nani. Wakaongea karibu nusu saa, mimi mkalimani, na huyu kijana nampa maua yake kwa sababu anajua kazi. Alitueleza kwamba kuokota viwavi kwenye majani ilikuwa kazi ya watoto. Akatuingiza kwenye banda la kukaushia tumbaku, kwetu tunaliita bani. Mama anauliza, "Mbona bani lenu halina moto?" Kijana akaeleza kwamba zama zile majani yalining'inizwa yakaushwe na upepo tu, kisha yakashindiliwa kwenye mapipa makubwa, pipa moja likijaa linakaribia kilo 450, linabiringishwa barabarani mpaka mtoni kusubiri meli ya London.

Mama akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, kama anayezungumza na mkulima mwenzake. Halafu akauliza swali ambalo angemuuliza mkulima yeyote. "Malipo je? Kwa uzito au kwa daraja?"

Kijana akasema bwana mwenye shamba aliuza kwa wafanyabiashara wa London.

"Simuulizi bwana. Namuuliza aliyelima."

Yule kijana akanitazama mimi, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Tumeelekezwa tuseme watumishi. Lakini walikuwa watumwa. Unajua hilo." Ndiyo, nalijua, ila nilitaka wanangu walisikie kwa aliyelipwa kuwasimulia.

Mpaka hapo nilikuwa nimeudhika kidogo tu, kuudhika kwa kawaida kwa mtu aliyelipa. Kilichonitoa roho kilikuja saa nane mchana.

Kuna shughuli ya watoto chini ya mti: mtoto anapewa kifaa, anaambiwa "wewe leo ni fulani," anazunguka kijijini na kadi yake kugongewa mihuri. Mama mmoja mwenye kofia nyeupe ya kitambaa alikuwa na kapu la vifaa. Watoto kama kumi hivi kwenye foleni, mweusi ni wangu peke yake, dada yake ana miaka 13 na alishasema hizo ni za watoto. Wa kwanza akapewa nyundo ya mhunzi. Wa pili sindano ya mshona viatu. Wa tatu kofia ya pembe tatu, huyo ni mfanyabiashara. Wangu nilimwona tangu mbali anarukaruka, kwa sababu kalamu ya unyoya ilikuwa bado ndani ya kapu, inaonekana.

Zamu yake ikafika, akanyoosha mkono. Yule mama akaisogeza kalamu pembeni, akatoa kijembe chenye mpini wa mti. "Wewe mpenzi wangu utasaidia shambani."

Mtoto akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini yeye hapewi kalamu.

Akatabasamu. Akamjibu, "Ili iwe sahihi kihistoria."

Msichana aliyefuata nyuma yake akapewa kalamu. Mke wangu akanishika mkono, maana ananijua.

Sahihi kihistoria! Tangu saa nne asubuhi pale hapakuwa na cha sahihi kihistoria. Jiko la kikoloni lina kiyoyozi kinanguruma nyuma ya ukuta. Yeye mwenyewe ana saa janja mkononi. Neno watumwa halikutamkwa hata mara moja na mtu yeyote hadi lilipochomolewa kwa kijana wa tumbaku. Ukweli wa historia walikuwa wameufungia kabatini, funguo wamezitia mfukoni, wakaja kuufungulia mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya rangi yake.

Na hata hiyo historia hawaijui. Waingereza wengi waliofika Virginia karne ya 17 walikuja kwa mkataba wa kutumikishwa, miaka minne mpaka saba, wakilipia nauli ya meli kwa jasho. Kama unataka usahihi, pale kwenye foleni watoto wa Kizungu nao wangeshika majembe. Hakuna aliyeshikishwa. Mababu zao wote siku ile walikuwa wahunzi na wafanyabiashara.

Ngoja niseme hili vizuri ili nisieleweke vibaya. Sijakasirika kwa sababu wamemwonyesha mwanangu utumwa. Nilimpeleka makusudi auone. Nilitaka aambiwe kwamba mwezi Agosti 1619 meli inayoitwa White Lion ilitia nanga Point Comfort, ambayo leo ni Hampton, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu. Walikuwa wametekwa Ndongo, Angola ya leo, wakapakiwa Luanda kwenye meli ya Wareno, wakaporwa baharini na maharamia wa Kiingereza, na pale Virginia wakabadilishwa kwa chakula. Watu wa Ndongo walisema Kimbundu, Kibantu kama Kinyamwezi cha bibi yake. Tatu kwao ni tatu, tano ni tanu. Mtoto wangu angesimama pale ufukweni akahesabu nao vidole! Nilitaka aisikie sheria ya 1662, ile iliyosema mtoto atafuata hali ya mama yake, kwa hiyo bwana akizaa na mjakazi wake, mtoto ni mali yake. Hayo ni mazito kwa miaka 9, najua, ila mimi na mama yake tulikuwepo kumshika mkono. Badala yake tukapewa "watumishi" mpaka saa nane, kisha jembe.

Na asije mtu hapa kusema haiwezekani kuigiza mambo hayo kwa heshima. Williamsburg, kile kijiji kikubwa cha maonyesho hapa Virginia, walianza kuweka waigizaji weusi wa kusimulia maisha ya watu weusi tangu 1979. Ni miaka mingapi hiyo?

Turudi chini ya mti. Mimi nilishaanza kupandisha sauti, watu wanageuka. Mama akanipita, akachukua kile kijembe mkononi mwa mjukuu wake, akakikagua. Akatikisa mpini, umelegea. Kisha akaniambia nitafsiri, na nitafsiri kama alivyosema: "Mwambie jembe limenisomeshea watoto watano, silidharau. Ninachouliza, kwa nini hakumpa yule?" Akamwonyesha kwa kidevu yule msichana mwenye kalamu.

Nikatafsiri. Yule mama wa kapu akawa mwekundu shingo yote, akasema hakukusudia. Mama akamrudishia jembe kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu kitu kwao, akamgeukia mjukuu. "Mume wangu, twende zetu, jua kali."

Meneja alikuja na kigari cha gofu. Alisikiliza dakika nne, akatoa vocha sita za aiskrimu. Mko sita, akahesabu na kuhesabu mpaka yule wa miaka 3. Tungeacha hapo labda ningesamehe, lakini niliandika barua pepe ndefu, na siku ya tisa nikajibiwa kwamba "wanasikitika ikiwa familia yangu ilijisikia vibaya". Ikiwa! Mtu akukanyage mguu halafu asikitike ikiwa una vidole. Kuhusu pesa, tiketi zilizokwisha kutumika hazirudishwi. Kuhusu shughuli ya watoto, "inapendwa na wageni wengi".

Hayo yalikuwa yamepita. Jana mwanangu anarudi shule na karatasi ya ruhusa. Darasa la nne lote, mwezi wa kumi, ziara ya mafunzo, dola 18 na chakula mtoto abebe mwenyewe. Nikasoma jina la mahali mara mbili.

Nimempigia mwalimu, hajapokea, nimeacha ujumbe. Mke wangu anasema nisisaini. Mama anasema nisaini aende, ila na mimi nijiandikishe kama mzazi msindikizaji nikasimame karibu na lile kapu. Mtoto mwenyewe anataka kwenda kwa sababu rafiki zake wote wanaenda. Nilipomuuliza kama anakumbuka ilivyokuwa, akasema anakumbuka, ila safari hii atakuwa wa kwanza kwenye foleni, atachukua kalamu kabla hawajamwona vizuri.

Wazazi mlioko DMV (Washington DC, Maryland na Virginia) ambao watoto wenu wamepitia ziara hizi, mlifanyaje? Shule ilisikia? Karatasi iko kwenye friji, inatakiwa Ijumaa.