Tatum yuko nafasi ya majeruhi tangu drafti, nimshike au nimuuze?

KapuTupu:
Wakuu habari za usiku, naomba ushauri kabla sijaharibu timu. Ligi yetu ya fantasi ya NBA (unaunda timu ya wachezaji halisi, takwimu zao za mechi ndizo zinakupa alama) tuko watu 12, tunacheza vipengele 9 (pointi, rebaundi, asisti, bloku, kupoteza mpira, asilimia za kurusha na kadhalika, kila kimoja kinashindaniwa peke yake), kila wiki unakutana na mtu mmoja, na mimi niko wa tatu. Kwenye drafti (siku ya kugawana wachezaji) raundi za mwisho mwisho nikamchukua Jayson Tatum, staa wa Boston Celtics, nikamweka nafasi ya majeruhi (haili nafasi ya kikosi), wenzangu wakanicheka grupu zima. Mnajua yule kachanika kano ya kisigino Mei 12, 2025, mechi ya nne na Knicks pale Madison Square Garden. Sasa hivi Januari 2026, Celtics hawajasema msimu wake umeisha na hawajasema anarudi lini, tumebaki kukodolea macho video za mazoezi.

Shida nafasi za majeruhi ziko mbili tu na zote zimejaa. Juzi kaumia mtu wangu wa tatu, ikabidi niachie mchezaji mzima, jirani akamdaka hapohapo, roho iliniuma sana. Leo kuna jamaa kanipa Payton Pritchard, mwenzake Tatum pale Celtics, anamtaka Tatum. Msimu uliopita Tatum alikuwa na pointi 26.8, rebaundi 8.7, asisti 6, nikiziangalia hizo naona kama nagawa bure. Nifanyeje?

Babu Rebaundi:
Mkuu hizo namba za msimu uliopita zifungie kabatini kwanza, huyo sio mtu utakayempata akirudi, angalau sio mwezi wa kwanza.

Wenye umri tunamkumbuka Kobe Bryant wa Lakers. Kachanika kisigino Aprili 2013, karudi Desemba 8 mwaka huohuo, yaani hata miezi minane haijafika. Mechi ya kwanza na Toronto kapata pointi 9 na kupoteza mpira mara 8! Waliomshika tangu drafti walikuwa wameshamrudisha kikosini kwa shangwe, wiki hiyo kipengele cha kupoteza mpira kikaenda na maji. Kacheza mechi 6 tu, goti likavunjika, msimu ukaisha.

Na hapa ndipo watu wa vipengele 9 mnapojisahau. Ligi ya pointi tupu (takwimu zote zinajumlishwa kuwa alama moja) staa akirudi na kutu bado anakuongezea kitu. Kwenye vipengele anaweza kukutoa. Mtu aliyezoea kurusha mipira 20 akirudi bado atarusha mingi maana ndio tabia yake, miguu haijakaa sawa, anaingiza 6, asilimia ya timu yako nzima inashuka halafu dakika zenyewe kapewa 24 kwa hiyo rebaundi na asisti nazo kiduchu. Unapigwa huku na huku.

Mwana_Fadeaway:
Babu unamtisha mwenzio bure. Dominique Wilkins kachanika Januari 1992, msimu uliofuata kapiga wastani wa 29.9. Kevin Durant naye kisigino, karudi na Nets Desemba 2020 akawa na 26.9 kama vile alikuwa likizo. Tatum ana miaka 27, shika!

Babu Rebaundi:
Hesabu miezi basi kijana. Durant kaumia Juni 2019, msimu mzima uliofuata hakugusa mpira, mwaka na nusu huo. Na msimu huo wa 26.9 mechi alizocheza ni 35 tu. Wilkins naye kakaa nje mpaka msimu mpya ukaanza. Tatum miezi kumi inatimia Machi 12, na msimu wa kawaida unaisha Aprili 12. Sijasema atakuwa mbovu, nasema utamla lini?

Msee_wa_Ngong:
Buda hebu angalia hiyo tredi (kubadilishana wachezaji) yenyewe. Huyo msee wako ni mjanja. Pritchard anarusha sana saa hii kwa sababu Tatum hayuko, Tatum akirudi mipira inarudi kwake na Pritchard anapungua, Jaylen Brown wa Celtics pia. Kwa hivyo ukikubali, Tatum akirudi umeumia mara mbili, umempoteza yeye na uliyepewa ameshuka. Akikosa kurudi ndio umewini. Hiyo ni kubeti, si tredi.

Mwambie akupe Derrick White, naye wa Celtics. Huyo bloku na pointi tatu zake haziendi mahali, awe Tatum yuko ama hayuko. Atakataa, sawa, lakini sasa mnaongea bei. Ama mtafute mwenye ako na Brown, huyo ndiye anaogopa Tatum arudi, anaweza kulipa zaidi.

Dada wa Saa Tisa:
Mmesema vizuri ila hamjamuuliza swali la maana, mtoano wenu (raundi za mwisho za ligi yenu) unaanza lini? Fungua ratiba uhesabu mechi, acha wastani. Staa aliyetoka majeruhi makubwa siku mbili mfululizo hachezeshwi, moja wanampumzisha. Kwa hiyo wiki ya mechi nne wewe weka tatu, ikiwa na mfululizo mara mbili weka mbili. Klay Thompson wa Warriors karudi Januari 2022 baada ya goti na kisigino, msimu ule kaishia mechi 32. Kawhi Leonard wa Clippers aliporudi Oktoba 2022 alianzia benchi, mechi mbili tatu akakaa tena nje wiki kadhaa. Na waliomshika Kawhi msimu wa kabla ya hapo hakuwachezea hata dakika.

Halafu sisi wa huku Afrika Mashariki tuna adha yetu. Mechi ya saa moja na nusu jioni Boston huku ni saa tisa na nusu usiku, wakisogeza saa zao Machi inakuwa saa nane na nusu. Majina ya mwisho yanatoka nusu saa kabla, wewe umelala, unaamka mtu wako hajavaa hata jezi na uliyemwacha benchi kapiga 30. Mwenye kazi asubuhi asishike wachezaji wa hivyo wawili, ndoa itavunjika 😂

Mimi ningesubiri kidogo. Siku ikitoka habari kafanya mazoezi kamili na timu, simu yako itajaa ofa, hiyo siku ndiyo ya kuuza. Akishacheza mechi ya kwanza vibaya bei imeanguka.

KapuTupu:
Dah asanteni. Mtoano wetu unaanza katikati ya Machi, fainali wiki ya mwisho wa mwezi. Yaani hata akirudi ile miezi kumi, mimi nampata wiki mbili za dakika 24.

Nimemwandikia jamaa namtaka White, Pritchard abaki naye. Tiki mbili za bluu, robo saa sasa, kimya.

Msee_wa_Ngong:
Anasoma hii thredi 😂