Naomba ushauri: gesi baridi inayofukuzwa na shimo jeusi

Habari zenu wakuu. Naandaa mada ya uzamili kuhusu galaksi Markarian 231 na nimekwama. Mwaka 2010 wanaastronomia waliotumia darubini za redio za Plateau de Bure, Ufaransa, walinasa karboni monoksidi (molekuli inayoonyesha ilipo gesi baridi) ikitoka humo kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Gesi inayotoka ilikadiriwa kufikia uzito wa Majua 700 kwa mwaka, ilhali nyota mpya zinachukua 200 hivi tu. Kwa mwendo huo ghala la gesi linakauka ndani ya miaka milioni 10, kwa galaksi ni kufumba na kufumbua!

Sasa molekuli zinaponaje? Upepo wa moto wa shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ungezisambaratisha mapema. Wapo wanaosema mawingu husukumwa yakiwa mazima, wengine kwamba gesi hupoa na kuunda molekuli upya njiani. Mimi naegemea hawa wa pili, ila msimamizi wangu hataki kusikia "naegemea".

Nibaki na galaksi hii, ambayo iko kaskazini mno kwa ALMA, darubini za redio za Chile, au nihamie galaksi ya NGC 1068? Mliowahi kuchakata data hizi, nisaidieni.