Kovu la kifuani linazidi kufura na kisu sikitaki, nifanyeje?

Atoti_wa_Kisumu
Habari za jioni wadau. Mimi ni msichana wa miaka 26. Chunusi ilinitoka katikati ya kifua, ikapona, lakini pale pale pakaanza kuinuka. Sasa ni kitu cha urefu wa kidole kidogo, kigumu, kinang'aa, na kimeota pembe mbili kuelekea kwenye matiti. Jua la huku mnalijua. Jasho likiteremka kinawasha hadi najikuna juu ya blauzi mbele za watu, na ukingo wa sidiria ukikigusa, basi siku imeharibika. Nyuma ya sikio ninacho kingine, punje tu, pale nilipotoboa tundu la pili.

Shangazi anataka nikakatwe, ameshapata kliniki. Muuzaji mmoja soko la Kibuye ana mafuta yake. Binamu anasema nipake dawa ya meno. Kuna aliyepona bila kukatwa?

Nesi_wa_Bonde
Pole dadangu. Hiyo ni keloidi. Kovu la kawaida lililoinuka hubaki ndani ya mipaka ya kidonda, na mengi hunywea yenyewe polepole. Lako limevuka mpaka, hizo pembe ndizo zinalisema. Kidonda kimefunga lakini mwili haujaambiwa uache kujenga, unaendelea kurundika kolajeni, zile nyuzi za kujengea ngozi. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na mara nyingi hufuata ukoo. Hebu mchunguze shangazi.

Kukatwa kifuani bila matibabu mengine nyuma yake usikubali. Kwa nusu ya watu au zaidi hurudi, na ikirudi huweza kuzidi ile ya kwanza. Kinachoanza kwa kawaida ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Muwasho ndio hutangulia kuondoka, halafu linalainika, halafu linashuka. Alama itabaki, usidanganywe. Kuna madaktari huchanganya na dawa ya florourasili linapokuwa sugu, ila hiyo haifai mjamzito, kwa hiyo kama unatarajia mtoto sema mapema.

Boda_Kondele
Mimi langu lilikuwa kwenye taya, zawadi ya kinyozi. Sindano nimedungwa. Nisikufiche, inauma! Kovu likiwa gumu dawa haitaki kuingia, unamwona daktari anasukuma bomba hadi kidole gumba kinatetemeka. Omba ganzi. Sasa limelala, naweza kufunga kamba ya helmeti. Ila ngozi ya pembeni imepauka, na pana kishimo kidogo.

TibaAsili_Poa
Keloidi inaanguka siku saba bila maumivu. Mafuta safi ya miti. Njoo inbox.

Nesi_wa_Bonde
Ndugu, ikianguka siku saba umeiunguza. Kinachounguza kinaacha kidonda, na kidonda kwenye ngozi ya namna hii ni keloidi nyingine. Dawa ya meno iko kapu hilo hilo, na zile krimu kali za kemisti ambazo watu hujichubulia pia. Krimu hizo zinakondesha ngozi nzima iliyo jirani, kovu liko pale pale.

Mama_Mbale
Binti yangu alitumia kipande cha silikoni, kile cha kubandika. Kinataka uvumilivu: saa 12 au zaidi kwa siku, miezi kadhaa. Kwa joto la Kisumu jasho litajikusanya chini yake utokwe na vipele, kwa hiyo bandua, osha kwa sabuni ya kawaida, kausha kabisa, rudisha. Kwa kovu kubwa hakitoshi peke yake, lakini kinasaidiana na sindano. Sikio nalo lina hereni maalumu za kubana, zinaligandamiza lisikue.

Atoti_wa_Kisumu
Shangazi nimemwangalia, anacho begani! Miaka yote lesso haishuki. Asanteni. Sasa la sikio nalo ni sindano? Na niende wapi?

Nesi_wa_Bonde
La sikio likiwa dogo hivyo, sindano au kugandishwa kwa naitrojeni ya maji. Kugandisha huacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi, nyuma ya sikio haliumizi kichwa, kifuani ungelijutia. Likikua, sikio ndipo mahali ambapo hata kukatwa huwa na nafuu, mradi sindano au hereni za kubana zifuate. Tundu jingine usitoboe.

Anzia Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, uliza siku ya kliniki ya ngozi. Bei ya kumwona daktari na bei ya dawa waulize kando kando, na uulize SHA, bima ya afya ya serikali, inagusa kipi.

Atoti_wa_Kisumu
Na muwasho wa usiku huu?

Mama_Mbale
Kitambaa cha maji baridi, kisha vaselini kidogo. Lala na fulana ya pamba, sidiria itundike. Na kucha zikate.