Tamoksifeni ianze lini: sasa, wakati wa mionzi, au kemo ikiisha?

Zamu_Usiku
Wakuu, naomba mwongozo. Mgonjwa ana miaka 44, titi limeondolewa wiki tatu zilizopita na kidonda kimefunga. Ripoti ya patholojia inasema ER 80%, PR 60% (vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni kwenye saratani), HER2 hasi (protini ya kuchochea ukuaji haijazidi), tezi mbili za kwapani zina saratani. Amepangiwa kemo, halafu mionzi. Hedhi bado anaipata. Tamoksifeni, kidonge kinachozuia estrojeni kuichochea saratani ya titi, ameshaandikiwa, sasa anauliza kwa nini asianze leo wakati siku zinakwenda bure. Na je, letrozoli si bora zaidi?

Mfamasia_Kemo
Leo asianze. Kemo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu, na tamoksifeni vilevile. Ukizichanganya hatari inapanda zaidi bila faida ya ziada. Utafiti wa SWOG 8814, uliochapishwa 2009, ulilinganisha njia hizi mbili: waliopewa tamoksifeni baada ya kemo walielekea kufanya vizuri kuliko waliopewa vyote kwa pamoja. Wale walikuwa wamekoma hedhi, lakini utaratibu huo sasa unafuatwa kwa wote.

Kwa hiyo dripu ya mwisho ikiisha, mpe wiki 3 hadi 4, hakikisha chembe za damu na ini viko sawa, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku. Mwambie siku za kemo hazipotei, nayo ni tiba. Anayeanza mapema ni yule asiyehitaji kemo, mara nyingi wiki 4 hadi 8 baada ya upasuaji.

Chumba_cha_Mionzi
Naongezea upande wetu. Mionzi haizuii tamoksifeni: wapo wanaoanza pamoja nayo, wapo wanaosubiri. Mionzi ikiwa ya wiki tatu na tarehe imeshapangwa, mimi napendelea isubiri, ili uchovu ukija tujue umetoka wapi. Foleni ya mashine ikiwa ndefu, msimfungie dawa kabatini kwa ajili yetu. Aanze.

Onko_Mwandamizi
Kwenye letrozoli ndipo watu wanapoteleza. Dawa hii hufunga kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni nje ya ovari, hasa kwenye mafuta ya mwili. Ovari zikiwa hai, ubongo unaona estrojeni imeshuka na kuziamuru zizidishe kazi. Mgonjwa anameza kidonge kila siku huku estrojeni ikipanda, na mimba anaweza kushika.

Mtego wenyewe ni huu: kemo inasimamisha hedhi, faili linaandikwa "amekoma hedhi", anapewa letrozoli. Kwa umri wa miaka 44 hedhi inaweza kurudi miezi mingi baadaye, na ovari zinaweza kuamka hata kabla damu haijaonekana.

Kwa kuwa tezi zimeathirika, kuzima ovari ni jambo la kujadiliwa naye: sindano ya goserelini miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28. Letrozoli miligramu 2.5 iongezwe pale tu estradioli (estrojeni kuu ya ovari) iliyopimwa kwa njia nyeti inapoonyesha ovari zimelala. Na hizo siku 28 ziheshimiwe. Sindano ikichelewa, kidonge kinabaki hakina kazi.

Zamu_Usiku
Nimeelewa, asanteni sana. Siku ya kuanza tamoksifeni niangalie nini?

Mfamasia_Kemo
Kwanza kipimo cha mimba. Uzazi wa mpango uwe usio na homoni. Kitanzi cha shaba kinafaa. Muulize kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kuganda damu. Pitia dawa zake zote: paroksetini na fluoksetini hupunguza uwezo wa ini kuigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu. Joto la ghafla likimsumbua au akihitaji dawa ya sonona, venlafaksini ni salama zaidi. Akisahau kidonge, kesho asimeze viwili. Damu ya ukeni isiyo ya kawaida aje aiseme. Akipangiwa upasuaji mkubwa, mwambie daktari wa upasuaji mapema, kwani huenda tamoksifeni isimamishwe wiki kadhaa kabla.

Onko_Mwandamizi
Na mkimkuta aliyemaliza kemo miezi minane iliyopita akasahaulika bila dawa, asirudishwe nyumbani kwa kuwa amechelewa. Aanzishiwe, faida bado ipo. Ile miaka 5 ya kumeza dawa, au 10 kwa baadhi, huhesabiwa kuanzia kidonge cha kwanza na si siku ya upasuaji, kwa hiyo tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake.