Tupeane uzoefu: uliikataa mitandao, halafu siku moja ikakufaa

Yaya wa Katindo

Jambo sana bandugu wa Goma, hapa mashariki ya Kongo, na ninyi mlio mbali. Leo nataka kila mmoja atuambie ni lini aliacha kuiona mitandao kama mchezo wa watu wasio na shughuli. Naanza mimi.

Hadi mwaka 2021 nilishika telefoni ndogo ya vitufe, kwa kupenda kwangu. Wadogo zangu walinisihi niingie kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikakataa. Niliogopa uvumi. Mji wetu mnaujua: mtu akipiga kelele Birere, ikifika Ndosho watu wamekwisha beba magodoro kichwani. Nikasema, kama mdomo mtupu unatukimbiza hivi, tukiupa mashine itakuwaje?

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu upande wa volkano ya Nyiragongo ikageuka nyekundu. Mimi na watoto tulishika njia ya Sake kwa miguu. Mama alikuwa Majengo kwa dada yangu, na katika msukosuko ule wawili hao wakapotezana. Usiku kucha nilipiga simu mpaka uniti zikaisha. Asubuhi tukasikia lava, ule uji wa moto wa volkano, imesimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, tukarudi. Dada alikuwa nyumbani analia. Mama hayupo.

Aliyempata ni mdogo wetu wa mwisho, naye anaishi Lubumbashi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa! Alituma picha ya mama kwenye makundi matatu, akaeleza na kitenge alichovaa. Saa nne asubuhi mtu ambaye hadi leo hatujamwona kwa macho akajibu kwa sauti: mama huyu yuko Gisenyi, upande wa Rwanda, amelala kwenye baraza la kanisa, amekunywa uji, ni mguu tu unamuuma. Nyuma ya sauti yake nikamsikia mama anauliza kama tulikumbuka kufunga mlango.

Sauti ile ni ya sekunde kumi na nne. Bado ninayo. Mwezi uliofuata nikanunua telefoni ya Android.

Mama Sambaza

Pole yaya, na umsalimie mama. Yangu ni ya biashara.

Mimi naamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja niko Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, wavuvi wanarudi na taa zao, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Sambaza, samaki wale wadogo wa ziwa Kivu, haikungoji. Jua likipanda hujapata mteja, utaianika, na kavu ina bei yake. Siku nyingi nilikuwa nazunguka na beseni kichwani hadi shingo inakufa ganzi, narudi nyumbani na nusu.

Binti wa kaka yangu ndiye aliyeanza. Alipiga picha beseni langu akaiweka kwenye statasi yake ya WhatsApp. Nilimkaripia vibaya, nikamwambia ananiletea jicho la watu. Kabla hatujafika soko la Virunga watu wanne walikwisha mwandikia, mmoja wao mpishi wa hoteli huko Himbi. Siku ile nilimaliza saa mbili na nusu asubuhi. Nilimwomba msamaha yule mtoto, nikamnunulia viatu.

Sasa napiga picha mwenyewe, samaki wakiwa bado wanang'aa kwa maji ya ziwa. Naandika bei na saa. Picha ya jana siiweki hata siku moja. Statasi inafutika baada ya saa 24, na sambaza mbichi ni hivyohivyo, basi tunakwenda sawa. Na tangu mabenki ya hapa yafunge mwanzoni mwa 2025, wateja wangu wengi wananilipa kwa telefoni. Bila hiyo sijui ningekula wapi.

Papa Mwalimu, Keshero

Nimefundisha miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu. Yaya, habari ya mama yako imenigusa, maana mimi nilitafuta mtu bila telefoni.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka tisa. Tulimtafuta siku sita. Nilitembea kambi kwa kambi, nikaandika jina lake kwa makaa kwenye kuta za shule, nikasimama mbele ya watu walioshika redio nikingoja majina yasomwe. Tulimkuta kwa mama mmoja aliyemwokota njiani, mzima. Siku sita, bandugu. Kwa hiyo siwezi kukidharau chombo kinachorudisha mzazi kwa usiku mmoja.

Lakini nisiposema na upande wa pili nitakuwa nimewadanganya. Mei ile ile ya 2021 zilizunguka sauti za watu wasiojitaja, wakisema ziwa litalipuka usiku wa leo. Uongo ule ulishika kwa sababu una mzizi wa kweli: gesi chini ya ziwa Kivu ipo, kaboni dioksidi na methani, na hata watoto wa shule wanaijua. Halafu asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatoa amri mitaa 10 kati ya 18 ihame. Amri hiyo ilikuwa ya kweli. Mtu angetofautishaje?

Ninavyowafundisha majirani ni hivi. Ukiona juu ya ujumbe wa WhatsApp mishale miwili, ujue umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Hapo usiutume. Mpigie mtu unayemjua aliye mahali panapotajwa, muulize anaona nini kwa macho yake.

Kadogo wa Ndosho

Shikamoo Papa Mwalimu. Mimi mitandao ilinifunza kwa kukosekana. Nilikuwa nimeapa kuifuta yote, kichwa kilichoka na siasa za uchaguzi. Tarehe 31 Desemba 2018 serikali ikakata intaneti nchi nzima, karibu wiki tatu. Siku ya kwanza nikafurahi. Siku ya tano nikagundua kwamba sina namna ya kumsikia kaka yangu aliye Kampala, maana kupiga nje kulikuwa ghali mno. Mke wake alijifungua katika siku hizo. Nilijua nimekuwa baba mdogo mtoto akiwa na siku kumi na mbili.

Yaya wa Katindo

Aksanti sana. Papa Mwalimu, hiyo ya mishale nimeipeleka kwenye kundi letu la likelemba, la kuchangiana pesa kwa zamu, sasa hivi.

Mama Sambaza

Nina ombi. Mama mkwe yuko Minova, hajui kusoma, na ana hamu ya kusikia wajukuu. Nimfundishe nini kwanza?

Tantini wa Bukavu

Mama, mfundishe kitufe cha kipaza tu. Abonyeze, aongee, aachie. Mama yangu wa Kadutu nilimwekea picha yangu kubwa juu kabisa ili asipotee kati ya majina. Wiki ya kwanza alinitumia sauti za kuku. Wiki ya pili akaanza kunisomea sala ya asubuhi, na hajaacha.