Tupeane uzoefu: wimbo gani uliwahi kuwaunganisha watu wa mtaa wenu, na ulibadilisha nini?

Mwalimu wa Majengo (Goma), mwanzisha mada

Jambo yenu wote. Ninafundisha shule ya msingi hapa Goma, komini ya Karisimbi, na Majengo nimekaa tangu nikiwa msichana. Naomba tukusanye hapa visa vya nyimbo. Nataka zile ambazo watu waliziimba pamoja, na baada ya hapo jambo fulani mtaani halikuwa tena kama zamani. Naanza na changu.

Wageni hushangaa kuona mji umekaa kando ya Ziwa Kivu na bado watu wanahangaika na maji. Sisi wa huku juu tunajua sababu. Chini ya miguu yetu ni mawe ya volkano, makoro. Kisima hakichimbiki, na hata kulaza bomba ni kupasua mwamba kwa nyundo. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, moto wake ulipita katikati ya mji wenyewe. Kwa hiyo robine moja, yaani bomba la mtaa, hutegemewa na avenyu nyingi.

Miaka ile robine yetu ilitoa maji saa chache tu, na saa zenyewe hakuna aliyezijua. Bidoni za njano, yaani madumu ya maji, zilipangwa kuanzia saa kumi alfajiri. Mtoto aliyetumwa na mama yake akisinzia kidogo, bidoni yake inasukumwa nyuma. Vijana wenye nguvu walifika kumeshakucha, wakajaza mbele ya kila mtu, kisha wakawauzia maji hayohayo waliokuwa kwenye mstari. Niliona wamama wakipigana mpaka vitenge vikachanika. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani na kidonda kichwani, amepigwa bidoni.

Kulikuwa na mama mzee, muuza makala, yaani mkaa. Alfajiri moja, giza bado, akaanza kuimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: «Nani mbele yako?» Aliyemfuata hakuelewa. Mama akarudia. Yule dada akataja jina la mama aliyekuwa mbele yake. Mzee akaitikia, «Tumemuona!» Akaenda kwa mwingine: «Nani mbele yako?» Kufika mtu wa kumi, mstari wote ulikuwa unaitikia tumemuona.

Uzito wa jambo lile niliuelewa baadaye. Ili ujibu, ilibidi umjue jina jirani yako. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanamke mmoja karibu mwaka mzima na jina lake silijui. Siku ile niliuliza. Wengi waliuliza. Baada ya wiki mbili wimbo umekuwa ndio orodha yetu: kila aliyeongezeka, tunaanza upya.

Wale vijana wakaja. Mmoja akaweka bidoni yake mbele kabisa. Hakuna aliyemtukana. Wimbo ulienda ukamfikia: «Nani mbele yako?» Hakuwa na jina la kutaja. Mstari mzima ukanyamaza ukimngoja. Alikaa hivyo kidogo, akabeba bidoni yake akaenda nyuma.

Tuliongeza ubeti wa wenye mimba na wagonjwa, wapite kwanza. Kisha kila nyumba ilichanga franka 500, robine iliyokuwa inavuja ikatengenezwa, na mama mmoja akachaguliwa kuitunza. Mwishowe tulienda wengi kwenye ofisi iliyohusika kuomba ratiba. Tulipata siku mbili kwa wiki, kwa saa inayojulikana. Ni kidogo, lakini mtoto aliweza kulala mpaka saa ya kwenda shule.

Haya, nanyi leteni.

Muuza nyanya wa Birere

Aksanti mwalimu. Mimi navusha nyanya na vitunguu kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa mpaka wa Petite Barrière. Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipopatikana hapa Goma, kunawa mikono mpakani ilikuwa lazima. Watu wengi hawakuamini ugonjwa wenyewe, walilowesha vidole tu na kukimbia. Sisi wamama tukaanza kuimba bidhaa zetu huku tunanawa: nyanya, vitunguu, karoti, sambaza (samaki wadogo), ndizi, mpaka bidhaa ya mwisho. Mtu hatoi mkono majini kabla biashara yake haijatajwa, ni kama kuiacha nyuma. Mpaka leo wajukuu wangu wananawa kwa wimbo ule kabla ya bukari (ugali), hata kama hawajui ulitoka wapi.

Msomaji wa Himbi

Mwalimu, kisa chako kimenigusa, ila niruhusu kitu kimoja. Wimbo haukujaza bidoni. Kilichotengeneza robine ni zile franka 500. Tusije tukawaambia vijana waimbe tu.

Mwalimu wa Majengo

Ndugu, uko sahihi kuhusu franka. Ila kabla ya hapo tulishajaribu kuchangishana mara mbili, na mara zote mbili pesa hazikufika hata nusu. Mtu alitoa vipi pesa yake kwa watu asiowajua majina? Mara ya tatu tulikuwa tunajuana.

Mama Mizigo (Bukavu, Kadutu)

Jambo wamama na wapapa. Mimi ni mbeba mizigo. Kamba kwenye paji la uso, gunia mgongoni, kupanda kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu. Anayeijua Bukavu anajua milima yake.

Oktoba 2010 Maandamano ya Wanawake Duniani yalikuja kumalizikia hapa kwetu. Tarehe 17 tulitembea barabarani maelfu kwa maelfu. Walikuja wa mikoa mingine ya Kongo, wakaja wa nchi za mbali, na kila kundi na wimbo wake. Mwanzoni zilikuwa kelele tu, kila mmoja anavuta kwake. Sisi wa Kadutu tukaanza wimbo wetu wa harusi, ule wa mashangazi wanaosimama mlangoni na kukatalia njia: bibi harusi hapiti mpaka zawadi itolewe. Maneno ni ya Kimashi, wenzetu hawakuyajua. Lakini kiitikio ni sauti mbili tu na kupiga kofi. Kikadakwa. Nilimwona mwanamke wa mbali, mzee kuliko mimi, anaitikia wimbo wa mashangazi zangu na machozi yanamtoka. Kifaransa sijui, yeye Kiswahili hajui. Hatukuambiana neno.

Yote yaliyodaiwa siku ile, mengi bado tunayangoja. Vita havikusikia. Hilo nalisema wazi kwa sababu limekaa moyoni.

Lakini sisi wabebaji tulirudi na wazo. Ugonjwa wetu ulikuwa huu: mwenye mzigo anakubali bei chini ziwani, ukifika juu umechoka hata kusema huwezi, anakupa nusu. Utafanya nini, utashuka na gunia tena? Tukasema, kumbe wimbo wa mlangoni ni wa kudai haki ya mtu aliyetoka mbali. Mwenzetu akipunjwa, wote waliopo pale juu tunaweka mizigo chini, tunasimama mlangoni pa huyo mwenye mali, na tunaimba wimbo wa harusi. Kwa upole, na makofi. Majirani wanatoka kuuliza nani anaolewa. Mteja analipa haraka. Baada ya miezi michache tulikuwa hatuimbi tena mara nyingi, ilitosha mmoja kuanza kupiga kofi.

Kutokana na hapo tukafanya likelemba yetu, mchango wa kupokezana kwa zamu. Mimi nimesomesha watoto wawili kwa hiyo likelemba.

Msomaji wa Himbi

Mama, aksanti. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Katuba (Lubumbashi)

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Na mimi nina neno, lina pande mbili.

Mwaka 1960 nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Baba alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Wakati viongozi wetu wako Brussels kwenye Meza ya Mviringo, mkutano wa kujadili uhuru wetu na Wabelgiji, Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa hukohuko, na hapo ndipo ulizaliwa Indépendance Cha Cha. Ulipofika huku kwenye redio, mtaa ulisimama. Ni Kilingala, na sisi ni watu wa Kiswahili, lakini hata bibi yangu aliucheza. Wimbo ule ulitaja vyama kwa majina, Abako, Conakat, Cartel, kama ndugu waliokaa sahani moja. Baba alinibeba mabegani, akasema umesikia, wametajwa wote.

Uhuru ulikuja 30 Juni. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga, na aliyeongoza ni mkubwa wa Conakat, chama kilekile kilichotajwa ndani ya wimbo. Majirani tuliocheza pamoja wakaanza kuulizana kabila. Baba hakuupiga tena ule wimbo nyumbani kwa miaka mingi. Ndiyo maana nikisikia wimbo huunganisha, nauliza: uliunganisha mpaka lini?

Upande wa pili ni wakati wa Mobutu. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina na wimbo wa taifa ukabadilishwa, mpaka 1997 ule wa kwanza uliporudi. Hapo katikati tuliimba sana, lakini kwa amri. Ile animasyo: wafanyakazi, wanafunzi, wote kwenye mstari, kuimba na kumchezea mkubwa. Nilisimama pembeni ya wanaume waliofungua midomo bila kutoa sauti. Watu mia tano, na ukisikiliza vizuri wanaoimba ni ishirini. Mpaka leo nikiona watoto wanapangwa kumwimbia kiongozi, mwili unakataa.

Na wanaume walewale, usiku, kwenye kilio cha mwenzao aliyekufa mgodini, waliimba mpaka kunakucha. Hakuna aliyewaita kwa kipaza sauti. Nyimbo za chini kwa chini, moja inavuta nyingine, na sahani ya mchango inazunguka gizani, hujui nani ameweka ngapi. Mjane aliamka asubuhi ana pesa za kurudisha watoto shuleni. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na sita.

Mama Mizigo

Pole papa. Pole sana.

Dereva wa Kasumbalesa (Lubumbashi, komini ya Kenya)

Papa wa Katuba, umenikumbusha usiku wetu mpakani. Naendesha lori la shaba kwenda kusini. Wanaoijua Kasumbalesa wanajua foleni ile, kilomita nyingi, siku na siku. Usiku wezi hunyonya mazutu (dizeli) kwenye tangi ukiwa umelala ndani.

Safari moja tulikuwa Mtanzania, Mzambia, mmoja wa Afrika Kusini, na mimi. Siku mbili tumekaa bila kusalimiana, kila mtu analinda lake na kumshuku jirani. Usiku wa tatu Mzambia anachemsha chai na kuimba peke yake. Mtanzania akashtuka: huo ni wimbo wetu wa taifa. Mzambia akasema hapana, ni wetu. Yule wa Afrika Kusini akacheka akauimba kwa Kixhosa. Tuni ileile! Baadaye nilisoma kwamba aliitunga mwalimu wa huko kwao, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Tanganyika waliichukua walipopata uhuru 1961, Zambia nao wakaitia maneno yao, na Afrika Kusini imo kwenye wimbo wa taifa wao wa sasa.

Mimi Mkongomani sikuwa na maneno. Niliona uchungu kidogo. Mtanzania akanifundisha, «Mungu ibariki Afrika», na Kiswahili ninacho, nikaudaka hapohapo. Wanne, lugha tofauti, moto mmoja.

Usiku uleule tukapanga zamu: mmoja anakesha kwa muda wa saa tatu, wengine wanalala, na anayekesha anaimba kwa sauti ndogo. Ukiamka na huisikii ile tuni, toka nje kuna jambo. Madereva wa nyuma yetu wakaingia kwenye zamu, tukafika malori kumi na moja. Hakuna tangi lililonyonywa mpaka tulipovuka. Namba ya yule Mtanzania ninayo mpaka leo, na kila ninapokwama barabarani yeye ndiye wa kwanza kunipigia.

Mwalimu wa Majengo

Aksanti wote. Papa, swali lako la mpaka lini limenikesha. Nijibu kwa ninachokijua.

Yule mama muuza makala alishafariki. Robine nayo ilikauka na kurudi mara nyingi, na wengi tuliosimama pale wamehama. Nilidhani wimbo umeenda nao.

Mwisho wa Januari 2025, baada ya mapigano, umeme ulikatika na bomba likakauka. Mji ukashuka ziwani na bidoni. Kutoka Majengo ni mwendo mrefu. Ufukweni palikuwa na watu wengi mno, watu wana hofu, hakuna mpangilio, na maji yale bila klorini ni kipindupindu, sote tunajua. Watu wakaanza kusukumana. Nilikuwa nashika bidoni kwa mikono miwili nikifikiri nirudi.

Hapo mbele, karibu na maji, sauti ya msichana ambaye sikumwona uso ikauliza: «Nani mbele yako?» Kukawa kimya kidogo. Mtu akajibu jina. Sauti chache zikaitikia tumemuona, na wimbo ukaanza kupanda mteremko kuja tulipo, mtu kwa mtu, taratibu. Aliyekuwa mbele yangu sikumfahamu. Nilimgusa bega, nikamuuliza anaitwa nani.