Insha ya Kiingereza chuoni: nikiandika kirahisi naambiwa "informal", nikiweka maneno makubwa naambiwa sieleweki

Mwana wa Newala:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa waliopita chuo na walimu wa Kiingereza.

Niko mwaka wa kwanza hapa Dar, nasoma masomo ya maendeleo. Shule ya msingi nilisoma kijijini kwetu kwa Kiswahili, Kiingereza cha kufundishiwa nikakutana nacho kidato cha kwanza kama wengi wetu. Nikisoma kitabu naelewa. Darasani najieleza. Kinachoniua ni insha.

Tulipewa swali kuhusu masoko ya mazao na mkulima mdogo. Nikachagua korosho na stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, maana ndiyo maisha yangu. Hata hapa chuoni nipo kwa sababu ya mikorosho ya baba. Niliandika hivi: "The farmers get their money very late. This is a very big problem. Because of this they don't have money for buying sulphur." Ikarudi na wino mwekundu pembeni: "too informal". Alama 9 kati ya 20.

Tukaruhusiwa kuirudia. Nikakaa na kamusi ya visawe wiki tatu, kila usiku, nikakariri maneno kama 200. Sentensi ile ile ikawa: "The agriculturalists procure their remuneration belatedly. This is a colossal predicament." Ikarudi na alama 8. Pembeni: "unclear".

Nimeumia kwa kweli. Jambo hili nalijua kuliko mtu yeyote darasani kwetu, nimebeba magunia hadi ghala la chama cha msingi kwa mabega yangu. Lakini kwenye karatasi naonekana sijui kitu. Mnajengaje msamiati wa kitaaluma? Kuna rafiki kanionyesha orodha ya maneno 570, nianze A hadi mwisho?

Mdau wa Mabibo:

Mkuu, pole. Dawa ni kukariri tu. Maneno 20 kwa siku, mwaka mzima usiruke. Mimi advance nilitoboa hivyo.

Mwalimu wa Tabora:

Mdau, shikamoo yako naipokea ingawa hukuitoa, ila hapo sikubaliani nawe. Kijana amekariri 200 na alama imeshuka. Akikariri 2,000 bila kubadili namna, itashuka zaidi.

Mwana wa Newala, mwanangu, nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita, huu ni mwaka wa 17. Nimesoma sentensi zako zote mbili kwa makini. Ya kwanza ni nzuri kuliko ya pili, na nataka uelewe kwa nini, maana ukilielewa hili nusu ya safari umeimaliza.

"Procure" si kupata tu. Ni kutafuta kitu na kukipata, mara nyingi kwa kununua. Ndiyo maana ofisini kuna kitengo cha ununuzi kinachoitwa kwa neno hilo hilo. Mkulima hanunui pesa yake. "Remuneration" ni ujira wa mtu aliyefanya kazi, na baba yako hajaajiriwa, ameuza mali. Hapo ni "payment", basi. "Predicament" ni mtanziko alionao mtu. Kila neno ulilochomeka limevuta maana pembeni kidogo, na mwalimu wako alipofika mwisho wa mstari hakujua tena unaongelea nini.

Maneno hayaishi peke yake. Kwa Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu. Mgeni akisema "nafanya mswaki" tutamwelewa, lakini tutajua si mwenzetu. Kiingereza nacho kina yake: utafiti wana "conduct", swali wana "pose" au "raise", hitimisho wana "draw". Ukilijua "conclusion" bila "draw" una nusu ya neno. Kwa hiyo usiandike neno kwenye daftari. Andika sentensi nzima uliyoikuta, kutoka kwenye makala uliyopewa usome, halafu chini yake andika sentensi yako kuhusu korosho kwa mtindo ule ule. Mimi nilipokuwa chuo nilijaza kaunta buku mbili namna hiyo, na mpaka leo nazifungua ninapoandaa vipindi.

Sasa ile orodha. Ni kazi ya Averil Coxhead wa New Zealand, ilitoka mwaka 2000. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi, akaweka kando maneno 2,000 ya kawaida kabisa, kisha akatafuta yanayojirudia katika fani zote. Zile 570 si neno moja moja, ni koo, yaani familia za maneno. Fikiria shina pend-: penda, mpenzi, upendo, pendekezo, upendeleo. Ukilijua shina unayakaribia yote. Vivyo hivyo "vary" amezaa "variable", "variation", "variability". Na usianze A hadi mwisho, kwa sababu zimegawanywa makundi kumi kwa kadiri zinavyotumika. Kundi la kwanza lina koo 60, na humo wamo "export", "income", "labour", "policy", "sector", "benefit", "factor". Hiyo ni korosho tupu, mwanangu! Haya maneno unayajua tayari. Hakuna "colossal" hapo. Msamiati wa kitaaluma mwingi ni wa maneno ya wastani, yaliyokaa mahali pake.

Turudi kwenye insha yako ya kwanza. Ilikosea nini? "Don't" ya kufupisha, iandike kamili. "Get", "very big", ni maneno ya mazungumzo. Lakini kasoro kubwa ni kwamba sentensi zako hazisemi kiasi. Kuchelewa kwa siku ngapi? Tatizo kubwa kwa nani? Hayo baba yako anayajua, mpigie simu umuulize.

Halafu kuna ufundi mmoja ambao ukiushika utaona insha inabadilika sura. Kwa Kiswahili twasema "wakulima wanachelewa kulipwa". Gazeti litaandika "ucheleweshaji wa malipo unawakwamisha wakulima". Kitendo kimegeuzwa kuwa jina, na hilo jina sasa linaweza kutenda. Kiingereza cha chuo kinafanya hivyo muda wote. "Farmers are paid late" inakuwa "delays in payment", na sentensi inayofuata inaanzia hapo: "These delays reduce..." Jaribu. Uniletee hapa.

Binti Makorora:

Mwalimu, ahsante sana, nami nimechota. Niongeze kitu kimoja kilichonisaidia mwaka jana, nikisomea uuguzi Tanga: vitenzi vya kumnukuu mtu. Nilikuwa naandika "says" kila mahali. Kumbe ni kama kwetu, ukiandika "anadai" msomaji anajua una shaka naye, "anadokeza" amesema kwa tahadhari, "anabainisha" umekubali. Basi "claims", "suggests", "notes" nazo ziko hivyo. Na "proves" nimeiacha kabisa, labda hesabu. Chuo Kikuu cha Manchester kina tovuti ya bure yenye vifungu vya kuanzia sentensi za namna hii, inaitwa Academic Phrasebank. Fungu la kutaja kazi za wengine ndilo la kwanza kulisoma.

Mwalimu wa Tabora:

Binti, umenena vema. Na wote wawili, angalieni vihusishi na wingi tunaovibeba kutoka nyumbani. Tunasema "jadili kuhusu", tunaandika "discuss about", haina "about". Tunasema "sisitiza juu ya", tunaandika "emphasize on", haina "on". Tuna tafiti nyingi na taarifa nyingi, lakini "research" na "information" hazichukui s. Nasahihisha hayo kila muhula na yananisikitisha, kwa sababu wanafunzi wenye hoja nzuri wanapoteza alama kwa herufi mbili.

Mwana wa Newala:

Mwalimu, shikamoo. Binti, ahsante. Nimempigia mzee jana. Amesema msimu uliopita kutoka mnada hadi pesa kuingia benki ilimchukua wiki tano, na salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, akanunua kwa mkopo. Nimeandika hivi:

"Under the warehouse receipt system, payment may reach farmers several weeks after the auction. These delays limit their ability to purchase sulphur before the flowering period, and some researches suggest that this encourages them to sell to informal buyers."

Ila nimekwama kwa neno kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Nimeweka "informal buyers" lakini roho haijaridhika. Kangomba ni zaidi ya hapo: ni kile kipimo chenyewe kisicho rasmi, ni bei ya chini, ni mtu kuuza akiwa na shida nyumbani. Nimetafuta neno la Kiingereza sijaliona.

Mwalimu wa Tabora:

Marahaba mwanangu. Nimeisoma hii kwa furaha, na nimemsomea mume wangu. "May reach", "limit their ability", "purchase", na zile "delays" zimekaa zinapostahili. Hakuna neno hata moja la kukufanya ufungue kamusi ya visawe.

"Some researches": toa es. Na kama hujasoma utafiti wowote unaosema hivyo, usiutaje. Andika kwamba ni maelezo ya mkulima mmoja wa Newala, uwe mkweli.

Kangomba liache lilivyo. Liandike kwa mlazo, na mara ya kwanza tu ulieleze kwa maneno yako, hivi: "kangomba, the purchase of cashew nuts with unofficial measures and below the official price". Baada ya hapo litumie bila kulieleza tena. Wasomi wanaoandika Kiingereza kuhusu nchi hii hufanya hivyo kwa "ujamaa" tangu enzi za Mwalimu Nyerere, na hakuna aliyewaambia "too informal".

Hiyo ya kuuza ukiwa na shida nyumbani haimo kwenye tafsiri niliyokupa. Ipe aya yake.

Mwana wa Newala:

Naianza usiku huu.